Tulikwenda Bunkeya Kuona Sikukuu

Wako watu duniani ambao, wakipata likizo, hawaendi kulala wala kulima; huenda kutazama sikukuu za wenzao. Kabla ya Kwaresima wako Rio de Janeiro, nchini Brazili, penye ngoma zisizolala. Mwezi wa Julai wako Pamplona, nchini Hispania, ambako katika siku za Mtakatifu Firmin vijana hukimbia barabarani mbele ya mafahali wenye pembe kali. Mwezi wa Septemba wanafika München, Ujerumani, kunywa bia katika sherehe iliyoanza mwaka 1810 kwa arusi ya mwana wa mfalme wa Bavaria. Arusi ile ilikwisha zamani, bwana na bibi arusi wamekufa, wanywaji wangalipo. Hatuwalaumu. Mwenye nauli na asafiri.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba kusafiri kwa ajili ya sikukuu ni jambo la Wazungu peke yao. Wazee wetu walitembea kwa miguu siku nyingi kwenda kulia msiba wa jamaa au kucheza ngoma ya mavuno. Hata leo, kila tarehe 3 Juni, Wakristo hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na huku kwetu Kongo, wengine kwa miguu majuma mazima, wakaenda Namugongo, karibu na Kampala, walipochomwa moto mashahidi wa Uganda mwaka 1886. Kisiwani Unguja, wenyeji wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa katika Julai; wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili magomvi ya mwaka yaishie pale pale, na watu wa mjini hufika kuwatazama. Ng'ambo ya mto Luapula, katika Zambia, Walunda wa Mwata Kazembe hukusanyika Mwansabombwe mwishoni mwa Julai kwa sikukuu ya Mutomboko. Mfalme mwenyewe hucheza, silaha mkononi, kukumbuka jinsi wazee wake walivyotoka kwa Mwata Yamvo, yaani upande huu wetu, wakavuka mito na kuzitwaa nchi.

Sisi tunakaa Kamatanda, upande wa kaskazini wa Likasi, penye reli na mashimo ya shaba. Mtu akisimama kwetu akaelekeza uso kaskazini, Bunkeya haiko mbali: kwa ndege wa angani ni kama kilometa 70 tu. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke hukusanyika huko kuukumbuka mfalme wao Msiri, aliyeuawa siku hiyo katika mwaka 1891. Twafundisha habari hizi katika darasa la sita. Twachora ramani ubaoni. Lakini katika walimu wote wa shule yetu hapakuwa hata mmoja aliyekwisha kuhudhuria sikukuu hiyo. Tulijua habari za mafahali wa Pamplona kuliko ngoma za jirani zetu.

Ndipo walimu watatu tukapatana kwenda, pamoja na jamaa zetu. Kupatana ni kazi ya dakika moja. Kuondoka ni jambo jingine.

Kwanza yafaa tueleze jambo la nyumbani mwetu, maana bila hilo msomaji hataelewa yaliyofuata. Baba yetu mzazi ni Myeke, mzaliwa wa Bunkeya. Alikuja Likasi akiwa kijana kutafuta kazi ya Gécamines, akaipata, akaoa, akazeeka. Kila Desemba tangu utoto wetu tulimsikia akisema, “Mwaka huu nitakwenda nyumbani,” na kila Desemba ama mvua ama ukosefu wa fedha vilimzuia. Mwenzetu wa ndoa, Mama Watoto, ni Msanga. Wazee wake ndio waliochimba na kuyeyusha shaba ya milima hii kabla ya Myeke wala Mzungu kuiona. Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika mwaka 1926 makala juu ya wale aliowaita walaji wa shaba. Tulipomweleza shauri letu, alikuwa akisonga bukari. Hakuuacha mwiko. Alisema:

“Baba Watoto, wataka niwachukue watoto wangu wakampigie makofi mtu aliyewatoza wazee wangu pembe, shaba na binti zao?”

Tulinyamaza. Swali lake lilikuwa la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba ni mambo ya kale. Katika Katanga mambo ya kale hayalali mbali.

Msiri hakuzaliwa katika nchi hii. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Busumbwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania magharibi, aliyezoea kuja huku kununua shaba. Jina lenyewe la Bayeke, huko Unyamwezini, lilikuwa la chama cha wawindaji wa tembo. Katikati ya karne ya 19 mwana alikuja na watu wake na bunduki zake, akawasaidia wakuu wa hapa katika vita vyao, kisha akawa mkuu juu yao. Ufalme wake uliitwa Garenganze. Alikata njia ya ushuru uliokuwa ukienda kwa Kazembe, akafungua biashara pande mbili: mashariki hadi pwani ya Waswahili, magharibi hadi Benguela kwa Wareno. Pembe, shaba, chumvi na watumwa vilitoka; bunduki, baruti na nguo viliingia. Bunkeya ukawa mji mkubwa wa vijiji vingi vilivyoshikana. Alioa wake mamia, na wengi wao walikuwa macho na masikio yake katika majimbo. Mhubiri Mskoti, Frederick Stanley Arnot, alifika kwake mwaka 1886 akapokewa vema. Lakini wageni waliona pia mafuvu ya watu juu ya miti. Mtu huyu alijenga na alitisha. Anayesimulia moja bila la pili hasimulii habari za Msiri.

Mwaka 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kumwinukia kwa vita. Na wakati huo huo Waingereza na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikuwa wakishindana nani ataitwaa Katanga kwanza. Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 kwa ajili ya Waingereza, Msiri akakataa kutia alama yake katika mkataba. Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyeajiriwa kwa kazi ya Leopold. Msafara wake ulitoka pwani, na watu wake wengi walikuwa wa Zanzibar. (Hapa tunapenda kusimama kidogo: Msiri aliletwa na njia ya Kiswahili, na waliokuja kummaliza walipigiana kelele za Kiswahili vile vile. Wanaosema kwamba lugha moja huleta amani wafikiri tena.) Msiri alikataa bendera ya Leopold, akajitenga katika kijiji cha Munema. Tarehe 20 Kapteni Bodson alitumwa kumleta. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga risasi, naye Masuka, aliyekuwa pamoja na mfalme, akampiga Bodson. Wote wawili walikufa siku ile. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Kilikokwenda, kila mzee ana hadithi yake.

Hiyo ndiyo siku inayokumbukwa. Lakini Mama Watoto alikuwa na sura nyingine ya habari, nayo haiimbwi Bunkeya. Baada ya kifo cha Msiri, mwanawe Mukanda-Bantu alipatana na Dola ya Leopold, na Bayeke wakaisaidia katika vita juu ya wale waliokataa kutii. Basanga walikataa. Mwishoni mwa karne ile kundi lao lilijifungia katika pango la Chamakele. Askari wakalizingira siku nyingi, na wengi wakafia ndani. Bibi yake Mama Watoto alikuwa akisimulia habari za pango hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Siku tatu hatukulitaja tena jambo la safari. Siku ya nne alisema mwenyewe: “Nitakwenda, kwa sababu mzee ataka kwenda, na hana mwingine wa kumtunza njiani. Lakini sitapiga vigelegele.”

Mwalimu mwenzetu wa hesabu naye alikuwa na neno lake. Baba yake ni mtu wa Kasai. Yeye alizaliwa Likasi mwaka 1992, mwaka ambao watu wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wakalala kwa maelfu kwenye kituo cha gari moshi na katika majengo ya shule wakingoja magari ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengine hawakuiona kamwe. Wengi walikufa wakingoja, na wengine njiani. Mama yake alijificha kwa jirani, ndiyo sababu yu hai. Alituambia: “Ndugu zangu, mimi nikisikia watu wanaimba kwamba nchi hii ni yetu, miguu yangu yatafuta mlango.” Hata hivi alikuja. Alisema ataka kuona kama sikukuu yaweza kuwa ya watu fulani bila kuwa juu ya watu wengine. Twaona kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na ni gumu kuliko maswali yote ya mtihani wa taifa.

Juu ya njia hatutasema mengi. Desemba ni mwezi wa mvua. Tulikuwa watu kumi na mmoja juu ya lori la mahindi, baba yetu mbele karibu na dereva, sisi nyuma chini ya turubai pamoja na mbuzi wawili wasiotulipia nauli. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa mikoa minne, Likasi iko Haut-Katanga na Bunkeya iko Lualaba. Kwa hiyo msafiri anayekwenda kumwona shangazi yake anavuka mpaka. Kwenye kizuizi kimoja tulidaiwa fedha za kupita, kisha fedha za turubai, kisha fedha za kahawa. Mwalimu wa hesabu alijumlisha kwa sauti kubwa, na ile ya kahawa ikasamehewa. Tulikwama matopeni mara mbili. Usiku ulituingilia njiani, na asubuhi yake, tarehe 19, tulifika tumelowa mpaka mifupa, baba yetu akiwa mkavu na mwenye furaha kama bwana arusi.

Bunkeya ya leo si mji mkuu wa Garenganze. Ni mji mdogo wa nyumba za matofali na za udongo, penye kanisa, shule, soko na uwanda mpana unaoelekea bonde la Lufira. Lakini siku hizo mbili ulivimba. Magari yalifika kutoka Lubumbashi, Kolwezi na Likasi, yamejaa watu waliovaa vitenge vya namna moja. Watu wa ofisi waliovua viatu vyao vya mjini walikuwa wakiulizana: “Wewe ni wa nani? Mjukuu wa nani?” Na mtu akijibu, mzee mmoja kandoni aliongeza jina la babu, jina la babu wa babu, mpaka mgeni akatulia akajua kiti chake kiko wapi. Jambo hili lilitugusa kuliko ngoma. Katika mji wa migodi mtu huulizwa, “Wafanya kazi gani?” Akikosa kazi, hana jibu. Huku baba yetu, ambaye tangu Gécamines ilipoporomoka aliishi kama mtu anayeomba radhi kwa kuwako, alijibu neno moja tu juu ya baba yake, na vijana wawili wakamletea kiti.

Usiku ule ngoma zilipigwa mpaka alfajiri. Asubuhi ya tarehe 20 palikuwa na Misa, kanisa likajaa hata nje. Kisha watu wakaenda kwenye makaburi ya wafalme. Wenye cheo walivaa lile ganda jeupe la bahari, duara kama mwezi, ambalo tangu zamani ni alama ya ufalme. Fikirini, ganda lililookotwa pwani, likabebwa mabegani mwa wapagazi miezi mingi, ili limng'arie mtu kifuani katika nchi isiyosikia mawimbi. Bunduki za kale zililia hewani. Watoto wetu wadogo walijificha katika nguo za mama yao. Mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alikaza macho asipitwe na kitu.

Wasimulizi walisimama mmoja mmoja kutaja sifa za wafalme na vita vyao. Walitumia Kiyeke chenye maneno ya Kisumbwa, ambacho vijana wengi hawakisikii sawasawa. Mtu mmoja alikuwa akitafsiri kwa Kiswahili kwa kipaza sauti kibovu. Mwalimu wa hesabu alipofahamu kwamba habari zote zilianzia Busumbwa, alitugeukia akacheka peke yake, akasema polepole: “Kumbe hata hawa walikuja na mizigo kichwani!” Na bibi mmoja aliyekuwa karibu, badala ya kukasirika, akamjibu: “Nani hakuja, mwanangu? Hata nyani alitoka mti mwingine.” Akampa kikombe cha munkoyo. Hakumwuliza kabila lake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tunaandika.

Alasiri, jua lilipopungua, jamaa ya baba yetu walikaa chini ya mwembe, wazee kwa wake zao, na sisi pamoja nao. Alikuwapo ndugu wa baba yetu, mwana wa baba mkubwa, ambaye anazijua habari za kale na husikilizwa. Alisimulia kifo cha Msiri upya, na alipofika mahali pa Masuka wanaume walipiga makofi. Mama Watoto hakupiga. Mzee aliona.

“Mkamwana,” alisema, “huku kwenu hamsimulii?”

Alipiga magoti kidogo, kama ilivyo adabu mbele ya baba mkwe, akasema: “Baba, kwetu tunasimulia. Tangu asubuhi nimesikia mkiwaimba walio wenu, nao wanastahili. Lakini na wale wa Chamakele, nani anawaimba?”

Wengine walinung'unika. Kijana mmoja alisema kwamba hii si siku yake. Sisi tulitazama chini. Baba yetu alitazama mbele. Mzee alikaa kimya kitambo kirefu, akiisugua fimbo yake.

“Wimbo huimbwa na mwenye msiba,” akajibu mwishoni. “Sisi tukiwaimba wazee wenu, mtasema tumewachukulia na hilo pia.”

“Basi msiwaimbe, baba. Wataje tu.”

“Siwajui majina.”

“Mimi nawajua wawili,” alisema, akayataja. Ni majina ya wazee wa bibi yake. Hatutayaandika hapa, maana hakuyasema kwa ajili ya gazeti.

Mzee aliyarudia yote mawili, lile la pili akalikosea, Mama Watoto akamsahihisha, akalirudia tena. Hakuongeza neno. Hakuomba radhi wala kujitetea. Aliita mtoto alete maji, akanywa, akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia. Yule kijana alisimama akaenda zake, na mpaka leo hatujui kama alikasirika au alikwenda kucheza.

Baba mmoja katika jamaa ile alituambia baadaye kwamba mambo ya namna hiyo yaharibu sikukuu; watu wamelipa nauli waje kufurahi, si kufukua. Tulimsikiliza kwa heshima, lakini hatukubaliani naye. Sikukuu ya mauti ya mfalme tangu mwanzo ni kufukua. Ukiisha kushika jembe, huwezi kuchagua mfupa utakaotoka.

Usiku hewa ilibadilika. Vijana walileta magitaa. Wasomaji wa makamo watamkumbuka Mwenda Jean Bosco, ambaye jina lake la Mwenda wa Bayeke lasema wazi alitoka wapi: alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Alikuwa kijana wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakati Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipomkuta huko mwaka 1952 na kuinasa sauti yake kwenye mashine. Wimbo wake “Masanga” ulisikika mbali, nao wapigaji gitaa wa nchi za Ulaya walijitahidi kuufuata vidole. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya motokaa nchini Zambia. Vijana wale wa Bunkeya walipiga kwa mtindo wake, vidole viwili vikifanya kazi ya watu watatu. Na Mama Watoto, aliyekataa vigelegele mchana kutwa, alisimama akacheza na watoto. Alituambia kwamba gitaa ni la Likasi, nalo halimkatazi mtu.

Yapo tusiyoyapenda, nayo tutayasema. Pombe kali ya vifuko vidogo iliuzwa kwa vijana ambao hawajaota ndevu. Wanasiasa walichukua saa mbili za hotuba, kila mmoja akijifanya mjukuu wa Msiri, hata wale ambao tunajua babu zao walitoka wapi. Kipaza sauti cha duka moja kilipiga muziki wa Kinshasa mpaka kikazifunika ngoma. Na bei ya chumba kwa usiku mmoja ilikuwa bei ya gunia la unga. Sisi tulilala darasani juu ya mikeka, jambo ambalo kwa mwalimu si geni.

Tena wako Wakristo wanaouliza kama yafaa kwenda kwenye makaburi ya wafalme wa kale penye ngoma na sifa. Sisi tuliosoma seminari tulilisikia swali hili mara nyingi, na majibu makali zaidi yalitoka kwa watu ambao hawakufika huko. Tutatoa mfano mmoja tu. Bujora, karibu na Mwanza, katika nchi ya Wasukuma walio ndugu wa wazee wa Bayeke, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mababa Weupe, alizikaribisha ngoma za Wasukuma katika miaka ya 1950. Hata leo sikukuu yao ya Bulabo huandamana na Ekaristi Takatifu, na vyama viwili vya kale, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza mbele ya umati, wengine wakiwa na nyoka hai mikononi. Na kule Luapula, Mwata Kazembe Chinyanta Nankula aliandika habari za wazee wake katika Kibemba, akisaidiwa na Padre Edouard Labrecque, naye wa Mababa Weupe. Kitabu kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Wazee Wangu na Watu Wangu. Mapadre hao hawakuogopa kusikiliza. Ni kweli kwamba si kila kinachofanyika penye kaburi kinafaa kwa Mkristo. Mtu mwenye akili atasimama pale anapopaswa kusimama, kama alivyosimama Mama Watoto.

Tulirudi tarehe 22. Mvua ilikuwa imekatika, na kwenye kizuizi hatukudaiwa fedha za turubai kwa sababu turubai lilikuwa limepasuka. Baba yetu alikaa tena mbele. Katika mkoba wake alikuwa na udongo wa shamba la baba yake, amefunga katika karatasi ya daftari la mjukuu wake. Mtoto wetu mkubwa aliuliza njiani kama yeye ni Myeke au Msanga, na kila mtu lorini alikuwa na jibu lake. Mwalimu wa hesabu alishauri wagawanye kwa mbili, mbuzi wasihesabiwe.

Karibu na Likasi, taa za mgodi zilipoanza kuonekana, Mama Watoto alisema kwamba kiangazi kijacho ataka kwenda kuliona pango la Chamakele. Huko hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti wala watu wa kuuza vitumbua. Ataka watoto waone mahali penyewe, na ataka kutaja majina yale mawili akiwa amesimama pale. Tulimwambia kwamba nauli ya mwaka imekwisha. Alisema kuku wake wanataga.

Tulipokwisha kushuka tukawa tunatoa mizigo, alimweleza na baba mkwe wake. Mzee alifikiri, akiushika mkoba wake wa udongo kwa mikono miwili.

“Nami nitakwenda,” alisema, “mkipata lori lenye kiti cha mbele.”